Kipi kiingie kwenye kiolezo, kipi kisubiri mashine iwake

Kutengeneza kwa mkono mashine pepe moja, yaani kompyuta ya programu tu inayotembea ndani ya seva, si kazi ngumu. Unapakua ISO, yaani faili la kusakinishia, ya mfumo wa Debian, unaipa mashine kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 20, unajibu maswali ya lugha, saa za eneo, mgawanyo wa diski na nywila ya root (msimamizi mkuu), unasubiri, unaingia, unaongeza programu unazozihitaji. Mambo yanabadilika pale watu wengine wanapoanza kuitegemea mashine hiyo. Mwenzako ofisini anataka ya namna hiyohiyo kesho asubuhi. Mwalimu anataka ishirini kwa ajili ya darasa la Jumatatu. Mteja anataka mashine ya majaribio ifanane na ile inayohudumia watu, hadi toleo la hifadhidata ya PostgreSQL. Hapo wengi wetu tunakimbilia jibu la karibu: chukua ile iliyokubali, inakili.

Kazi yangu Dar es Salaam ni kuhudumia seva za KVM na Proxmox, mifumo ya kuendeshea mashine pepe, na kwa muda wote huo nimezidi kuamini jambo moja. Zana za kujiendeshea kazi hii zipo tele na nyingi ni nzuri sana, lakini hakuna hata moja itakayokuamulia swali lenyewe: kipi kiingizwe ndani ya kiolezo, yaani diski mama ambayo mashine mpya zinatokana nayo, na kipi kiachwe hadi mashine mpya itakapowaka kwa mara ya kwanza. Aliyelijibu swali hilo vizuri atapata mashine za kuaminika hata kwa skripti fupi ya Bash. Asiyelijibu, zana kubwa za kujengea na kuzindulia mashine kama Packer na Terraform zitamzalishia matatizo yaleyale, ila kwa kasi.

Tuanze na ujenzi wenyewe. Kisakinishi cha Debian kinakubali faili la majibu liitwalo preseed. Upande wa Red Hat kuna Kickstart, na Ubuntu Server tangu toleo la 20.04 inatumia autoinstall. Wazo ni moja: kila swali ambalo lingekutokea kwenye skrini linapata mstari wake ndani ya faili. Swali la saa za eneo, kwa mfano, linajibiwa hivi:

d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam

(Kwenye hifadhidata ya saa za dunia jina hilo ni kiungo kinachoelekeza kwa Africa/Nairobi, kwa hiyo aliyeko Tanga na aliyeko Mombasa wanasoma kanuni ileile. Napenda kuliandika la Dar hata hivyo, maana atakayelisoma faili hili baadaye ataelewa mara moja seva iko wapi.)

Packer, ambayo Mitchell Hashimoto aliitoa mwaka 2013, miaka mitatu baada ya Vagrant, zana yake nyingine ya mashine pepe, inaunganisha vipande vyote. Inawasha mashine pepe juu ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta, inafungua seva ndogo ya HTTP kwenye kompyuta yako ili preseed ipatikane, kisha inafanya jambo ambalo kila ninayemwonyesha kwa mara ya kwanza husogeza kiti karibu na skrini: inaandika. Kupitia VNC, njia ya kutumia skrini na kibodi kwa mbali, inabonyeza Esc kwenye menyu ya usakinishaji, inatulia kidogo, halafu herufi zinaanza kutokea moja baada ya nyingine, auto url=http://10.0.2.2:8451/preseed.cfg, na Enter. Anwani hiyo ya 10.0.2.2 ndiyo QEMU inayompa mgeni ili amwone mwenyeji wake. Kutoka hapo kisakinishi kinavuta majibu, kinagawa diski na kuweka mfumo. Mashine inawaka upya, na Packer inaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) kwa akaunti ya muda ili kuendesha skripti zako au Ansible, zana ya kusanidi mashine. Mwishoni inazima mashine na kukuachia faili moja la qcow2, ambalo ndilo diski ya mashine.

Uandishi huo wa herufi ndio sehemu dhaifu. Seva mwenyeji ikiwa imeelemewa, menyu inachelewa kutokea na herufi za mwanzo zinapotea. Kisakinishi kinabaki kwenye swali la lugha kikimsubiri mtu asiyekuwepo, hadi muda wa kungoja SSH unakwisha na Packer inafuta kila kitu. Ndiyo maana kuna mpangilio wa boot_wait, muda ambao Packer inasubiri kabla ya kuanza kuandika, na ndiyo maana kwenye seva yenye kazi nyingi nauongeza bila kusita. Ujenzi uliochelewa dakika moja haumuumizi mtu.

Ila kwa watu wengi nadhani safari hii ya kuanzia kwenye ISO haina ulazima. Debian wenyewe wanatoa diski zilizokwisha kusakinishwa kwenye cloud.debian.org, na Ubuntu kwenye cloud-images.ubuntu.com. Ni diski ndogo na safi, zinajengwa upya mara kwa mara, tena na watu wanaoujua mfumo wao kuliko mimi. Anza na ISO pale tu unapohitaji kitu ambacho diski hizo hazina, kama vile mgawanyo maalumu wa diski, usimbaji wa diski nzima, au mfumo usiotolewa kwa namna hiyo. Kwa Debian chagua ile ya genericcloud, au generic kama unataka viendeshi vingi zaidi vya vifaa. Iko pia inayoitwa nocloud, na hiyo imewapotosha wengi: haina kabisa cloud-init, programu inayoisanidi mashine inapowaka mara ya kwanza, na inakufungulia root bila nywila. Haina uhusiano na chanzo cha data kiitwacho NoCloud nitakachokieleza sasa hivi, ingawa majina ni mamoja.

cloud-init ndiyo inayofanya kazi ya siku ya kwanza. Ilianzia Canonical kwa jina la ec2-init, kwa ajili ya mashine za Amazon EC2, huduma iliyofunguliwa mwaka 2006. Mashine ikiwaka kule inaiuliza anwani ya 169.254.169.254: mimi ni nani, jina langu lipi, ufunguo wa nani niukubali? Kwenye seva yako mwenyewe hakuna wa kujibu katika anwani hiyo, kwa hiyo NoCloud inakuruhusu kuyaweka majibu kwenye diski ndogo yenye lebo ya cidata, ndani yake mafaili mawili, meta-data na user-data. Proxmox inakutengenezea diski hiyo yenyewe. Ukiitengeneza kwa mkono, angalia mstari wa kwanza wa user-data. Lazima uwe #cloud-config, hivyo hivyo. Ukikosea herufi moja hapo, faili halichukuliwi kuwa maagizo ya usanidi. Mashine itawaka vizuri kabisa bila mtumiaji uliyemtarajia, nawe utabaki nje.

Sasa tuna mahali pawili pa kuwekea kila kitu, na swali langu la mwanzo linakuwa la kweli. Netflix kwa miaka waliegemea upande mmoja: waliingiza kila kitu ndani ya diski, pamoja na programu yao wenyewe, na mwaka 2013 wakaitoa hadharani zana yao ya kazi hiyo, Aminator. Faida yake ni kwamba mashine ikiwaka imekwisha, hakuna cha kupakua, hakuna cha kushindikana njiani. Gharama yake ni kujenga diski mpya kwa kila badiliko. Upande wa pili wapo wanaochukua diski tupu ya Debian na kumwachia cloud-init kila kitu. Kiolezo chao hakizeeki kwa haraka, lakini kila mashine inapowaka inaitegemea intaneti, na mashine mbili zilizowaka wiki mbili tofauti zinaweza kuwa na matoleo tofauti ya programu.

Kwa hapa kwetu naegemea kwenye kuingiza zaidi, na sababu yangu ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mashine iliyokwisha kuwa na programu zake zote iliwaka siku hiyo kama siku nyingine. Ile iliyotarajia kupakua programu zake wakati wa kuwaka ilibaki njiani. Huhitaji hata waya wa baharini ukatike ili kuliona hilo. Jaribu kuwasha mashine ishirini kwa mpigo, kila moja ikipakua megabaiti zilezile kupitia laini moja ya ofisi.

Kwa hiyo vizito na vinavyochukua muda vinaingia kwenye kiolezo: masasisho ya usalama, kerneli, qemu-guest-agent (inayoiwezesha seva kuwasiliana na mashine), PostgreSQL au Docker kama ndiyo kazi ya mashine, saa za eneo. Vinavyoipa mashine nafsi yake vinasubiri kuwaka: jina, anwani, watumiaji, funguo, vyeti. Na siri, yaani nywila za hifadhidata au tokeni za huduma, haziingii kwenye kiolezo hata kwa dakika moja. Kufuta faili ndani ya mashine hakuhakikishi kwamba maudhui yake yameondoka kwenye diski. Mwenye faili la qcow2 anaweza kuyafukua.

Ipo hazina ya akiba iitwayo apt-cacher-ng, nayo inanisaidia sana katika ujenzi. Inakaa kwenye mtandao wa ndani, inasikiliza mlango wa 3142, na kila kifurushi cha Debian kinashuka kutoka nje mara moja tu. Kwenye preseed unaielekeza kwa mstari mmoja, d-i mirror/http/proxy string, ukifuatiwa na anwani. Lakini tazama kinachotokea: kisakinishi kinauandika mstari huo ndani ya /etc/apt/apt.conf ya mfumo mpya, na unabaki humo. Kiolezo kikipelekwa tawi la Mwanza, apt, programu ya kusakinisha vifurushi, ya kila mashine itakuwa inaitafuta seva iliyoko Dar. Akiba ni ya ujenzi tu, na kabla kiolezo hakijafungwa mstari huo unaondoka.

Hapo tumeingia kwenye hatua ninayoijali kuliko zote, ile ya kusafisha. Miongozo mingi huipa aya moja mwishoni. Mimi ningeipa nusu ya muda wote.

Kila mfumo wenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, una faili la /etc/machine-id, lenye tarakimu 32 za heksadesimali zinazozalishwa mara moja katika maisha ya mfumo. Ukinakili diski bila kuligusa, unapata watu wawili wenye namba moja ya kitambulisho. Na athari yake huwa haionekani pale unapoitazamia. systemd-networkd, inayotumika kwenye Ubuntu Server, inapoomba anwani ya mtandao kwa rauta, kwa itifaki ya DHCP, inajitambulisha kwa namba inayotokana na machine-id, si kwa anwani ya MAC ya kadi ya mtandao. Umeshaipa kila mashine MAC yake, umekagua, ziko tofauti. Rauta hata hivyo inaona mteja yuleyule amerudi, inampa anwani ileile. Unaingia kwa SSH kwenye mashine ya kwanza, inakubali. Unawasha ya pili, muunganisho wa kwanza unakatika. Unajaribu tena, unajikuta ndani ya mashine nyingine. Mtu anaweza kumaliza siku nzima akibadilisha kadi za mtandao na kuilaumu rauta.

Dawa ni mstari mmoja mwishoni mwa ujenzi:

truncate -s 0 /etc/machine-id

Faili likiwa tupu, systemd inazalisha namba mpya mashine inapowaka. Ukiwa hapo pitia pia /var/log/journal. Ndani yake kuna saraka yenye jina la machine-id ya zamani, imebeba logi za ujenzi ambazo hakuna mashine mpya inayozihitaji.

Funguo za SSH za seva, zile za /etc/ssh/ssh_host_*, ni hatari zaidi kwa sababu hazisumbui kabisa. Mashine ishirini zenye ufunguo mmoja zinafanya kazi bila lalamiko lolote. Chukua darasa ambalo kila mwanafunzi ana sudo, yaani mamlaka ya root, kwenye mashine yake: yeyote kati yao anaweza kuusoma ufunguo wa siri wa mashine yake, ambao ndio ufunguo wa mashine ya jirani na ya mwalimu, kisha akajifanya seva ya mwalimu na kompyuta ya mwenzake isitoe onyo lolote. Kwa hiyo funguo hizo zinafutwa. Ila usizifute kabla ya kupanga nani atazizalisha upya. Kwenye Debian sshd haiwaki kama haina ufunguo hata mmoja, na usipokuwa na cloud-init wala kitu kingine cha kuendesha ssh-keygen -A wakati wa kuwaka, umejifungia mlango kwenye mashine zote kwa pamoja.

Kisha ile akaunti ya muda. Packer lazima iingie kwa jina fulani na nywila fulani, na majina hayo huwa mepesi kukisiwa: packer, vagrant, builder. Oktoba 2024 mradi wa Kubernetes ulitangaza udhaifu wa CVE-2024-9486 kwenye Image Builder, zana yao ya kujengea diski za mashine za klasta. Diski zilizojengwa kwa ajili ya Proxmox, hadi toleo la 0.1.37, ziliachwa na akaunti ya ujenzi ikiwa hai, na nywila yake ya kawaida. Yeyote aliyeifikia mashine kwa SSH angeweza kuingia na kuishika kama root. Ukali wake ulipewa alama 9.8 kati ya 10. Toleo la 0.1.38 likaanza kutumia nywila ya nasibu wakati wa ujenzi na kuifunga akaunti ujenzi unapokwisha. Hao ni wahandisi wazoefu, na msimbo wao uko wazi kwa kila mtu kuusoma. Kama hatua hii iliwapita wao, inaweza kumpita yeyote, na ndiyo maana naitaka iwe sehemu ya msimbo badala ya kumbukumbu ya mtu.

Kuna ugumu mmoja wa kiufundi hapa. Skripti inayoendeshwa na akaunti ya builder haiwezi kumfuta builder kwa urahisi, maana userdel inakataa kumwondoa mtumiaji ambaye bado ana michakato inayotembea. Njia ninayoipenda ni kuacha mashine izimwe kwanza, halafu kuifanyia kazi diski ikiwa imelala, kwa virt-sysprep kutoka libguestfs. Bila kuambiwa chochote inaondoa funguo za SSH, machine-id, historia ya amri na logi, na ukiiagiza itaondoa akaunti unazozitaja. Usiielekeze kamwe kwenye diski ya mashine iliyo hewani. Itaiharibu.

Nisiwache kusema neno kuhusu leseni, kwa kuwa vijana wengi wananiuliza. Agosti 2023 HashiCorp waliihamisha Packer, Vagrant na Terraform kutoka leseni huria kwenda BSL, leseni yenye masharti kwa washindani, na sasa kampuni iko mikononi mwa IBM. Kwa anayejenga violezo vya ofisi yake hakuna kilichozuiliwa. Anayekusudia kuuza huduma inayoshindana nao aisome leseni kwa makini. Na kwa diski za Debian za kawaida, virt-customize, ya kuongeza programu ndani ya diski, pamoja na virt-sysprep zinatosha bila Packer kabisa.

Kiolezo kikishajengwa, kipimo changu ni kuwasha mashine mbili kutoka humo kwa wakati mmoja. Moja haikuonyeshi yote, kwa sababu baadhi ya makosa niliyoyataja yanaonekana tu pale mashine zinapokuwa mbili. Skripti inawasha jozi, inasubiri, kisha inauliza: je, machine-id zinatofautiana? Je, ssh-keyscan inaleta funguo tofauti kwa kila anwani, na anwani zenyewe ni mbili? Je, diski ya gigabaiti 20 imetanuka hadi gigabaiti 40 nilizoipa mashine mpya, au imebaki pale ilipokuwa? Je, apt update inafanya kazi bila akiba ya ujenzi? Mwisho inajaribu kuingia kwa akaunti ya builder na nywila ya ujenzi, na jaribio hilo lazima lishindwe. Likifanikiwa, kiolezo kinafutwa na ujenzi unahesabika umeshindikana, hata kama yote mengine yamepita.

Najenga upya kila wiki, usiku, na jina la faili linabeba tarehe yake. Kiolezo cha miezi sita kina masasisho ya miezi sita ya kuvuta, na mashine mpya inatumia saa yake ya kwanza kuyapakua, jambo ambalo linaondoa sababu ya kuwa na kiolezo. Tatizo linakuja kwenye kufuta vya zamani. Kwa qcow2 mashine mpya inaweza kujengwa juu ya kiolezo bila kukinakili:

qemu-img create -f qcow2 -b debian-msingi.qcow2 -F qcow2 darasa-07.qcow2

Faili jipya linaanza na ukubwa usiofika megabaiti moja, na linahifadhi tofauti peke yake. Mashine ishirini zinakaa kwenye nafasi iliyokuwa ya mbili au tatu, na zinakuwa tayari ndani ya sekunde. Lakini zote zinasoma kutoka kwenye faili moja la chini. Mtu akiliwasha faili hilo kama mashine na kuandika chochote, zote ishirini zinaharibika. Akilifuta kwa sababu tarehe yake imepita, zote hazitawaka tena. Kwa hiyo kila kiolezo kinachokubaliwa kinawekwa chmod 444, na skripti ya kufuta inapitia kwanza kila diski kwenye seva kwa qemu-img info -U --backing-chain. Ikikuta hata mashine moja bado inakiegemea kiolezo, inakiacha na kunitumia jina la mashine hiyo.